Tumbo la Kioo: Jinsi Maziwa Yanavyopimwa Maabarani, na Yanayomhusu Mama

Kila aliyelea mtoto amewahi kulifuta bega lake baada ya kitoto kucheua. Aghalabu kinachotoka si maziwa yale yale yaliyoingia. Yaliingia yakiwa majimaji, yakarudi na mabonge madogo meupe yenye uchachu. Mama mpya hushtuka akadhani kwamba maziwa yamemharibikia mwanawe, na bibi mwenye uzoefu humtuliza kwa kumwambia kuwa hiyo ni dalili ya tumbo kuanza kazi yake. Bibi husema kweli. Kuganda kwa maziwa tumboni ni hatua ya kwanza ya mmeng'enyo.

Kinachofuata baada ya hapo hufichika ndani ya mwili. Hata hivyo, mara kwa mara tunasikia madai juu yake. Tunaambiwa kwamba maziwa fulani ni mepesi tumboni, kwamba unga fulani umethibitishwa maabarani, au kwamba kirutubisho fulani huimarisha utumbo wa mtoto. Mama anayetoa fedha zake dukani ana haki ya kuuliza: limethibitishwa vipi, na katika tumbo la nani? Wiki hii tumeona vyema kuwaeleza wasomaji wetu, hatua kwa hatua, namna wataalamu wanavyoiga mmeng'enyo wa maziwa ndani ya chupa, kisha wakayapeleka maziwa hayo kwenye seli za utumbo zilizooteshwa maabarani. Anayeielewa njia hiyo hatadanganyika kwa urahisi, wala hatalipuuza jambo lenye manufaa.

Dirisha lililofunguliwa na ajali

Mnamo tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac kaskazini mwa Marekani, kijana mchukuzi katika biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi ubavuni kwa bahati mbaya. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu hadi akapona, lakini tundu lililofika tumboni halikuziba. Kwa miaka kadhaa daktari huyo alipitisha vipande vya chakula tunduni humo vikiwa vimefungwa kwa uzi wa hariri, akavitoa baada ya muda na kuvitazama. Maziwa nayo yalikuwamo miongoni mwa vyakula alivyovijaribu. Alichota pia maji ya tumbo, akayatia katika kichupa pamoja na chakula, akakiweka kichupa kwenye joto kama la mwili. Aliona kwamba chakula huyeyuka hata nje ya tumbo, kwa nguvu ya maji yale peke yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833.

Kile kichupa cha Beaumont ni babu wa maabara za leo. Lakini njia aliyoitumia isingeruhusiwa sasa, kwani mwili wa mtu maskini haupaswi kugeuzwa uwanja wa majaribio. Kwa mtoto mchanga makatazo ni makubwa zaidi. Mara chache madaktari huweza kuchota matone kupitia mpira ambao tayari umepitishwa puani kwa ajili ya kumlisha mtoto njiti, na matone hayo yamefundisha mengi. Zaidi ya hapo, hakuna mzazi atakayekubali mwanawe afunguliwe ili watu watazame. Ndiyo sababu ikabidi litengenezwe tumbo la kioo.

Vituo vitatu vya safari

Kwa muda mrefu kila maabara ilikuwa na kipimo chake. Mmoja alitumia asidi kali, mwingine hafifu. Mmoja aliacha maziwa kwa nusu saa, mwingine kwa saa tatu. Ilikuwa kama wapishi kumi waliopika pilau kila mmoja kwa kipimo chake, kisha wakagombana kuhusu chumvi. Mwaka 2014 mtandao wa wanasayansi ulioanzia Ulaya, uitwao INFOGEST, ulitoa utaratibu mmoja wa pamoja, na mwaka 2019 ukatoa toleo lililoboreshwa. Utaratibu huo ndio unaofuatwa na maabara nyingi duniani.

Safari ina vituo vitatu, vyote katika joto la nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili. Kituo cha kwanza ni kinywa: chakula huchanganywa na mate ya kutengenezwa, kiasi sawa kwa sawa, kwa dakika 2. Maziwa hayana wanga, hivyo mate hayana kazi kubwa juu yake. Kituo cha pili ni tumbo. Hapa huongezwa asidi hadi kipimo cha uchachu, yaani pH, kishuke kufikia 3. Ifahamike kwamba maji safi yana pH 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Huongezwa pia pepsini, kimeng'enya kinachokata protini, pamoja na lipasi inayoanza kuvunja mafuta. Mchanganyiko huo huachwa ukitikiswa polepole kwa saa 2. Kituo cha tatu ni utumbo mwembamba. Uchachu huondolewa mpaka pH 7, ikatiwa nyongo pamoja na vimeng'enya vya kongosho, kisha hungojwa saa 2 nyingine.

Maziwa hubadilika sana njiani. Protini ya maziwa ya ng'ombe, kiasi cha asilimia 80, ni kasini, nayo huganda ikifika tumboni, kama yale mabonge ya begani. Bonge humeng'enywa polepole, na kwa hiyo lishe hutoka kidogo kidogo. Protini nyingine hubaki katika majimaji na kuteremka upesi zaidi. Miongoni mwa hizo imo beta-laktoglobulini, ambayo katika maziwa mabichi huistahimili pepsini na kufika utumboni ikiwa karibu nzima. Protini hii haimo katika maziwa ya binadamu, wala katika maziwa ya ngamia. Hilo halimfanyi ngamia kuwa badala ya mama kwa mtoto mchanga, ila linaonyesha kwamba maziwa ya kila mnyama yameumbwa kwa ajili ya ndama wake.

Mafuta nayo hukatwakatwa na lipasi, na nyongo huyatawanya kama sabuni inavyotawanya mafuta ya sufuria. Lakini sukari ya maziwa, laktosi, hupita vituo vyote vitatu bila kuguswa. Kimeng'enya chake, laktasi, hakielei katika maji ya tumbo wala ya kongosho. Kimekaa kwenye ukuta wa utumbo wenyewe. Basi chupa peke yake haikamilishi hadithi. Inahitajika ukuta.

Mtoto mchanga si mtu mzima mdogo

Kabla ya kuufikia ukuta huo, kuna jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua. Vipimo tulivyovitaja hapo juu ni vya mtu mzima. Tumbo la mtoto mchanga lina uchachu mdogo zaidi, pepsini yake ni kidogo, na nyongo yake haijakolea. Mwaka 2018 watafiti wakiwamo wale wa Rennes, Ufaransa, walipendekeza utaratibu wa tumbo la mtoto wa mwezi mmoja aliyezaliwa kwa wakati wake. Tumbo la mtoto huyo huwekwa pH 5.3 kwa saa 1, na utumbo pH 6.6 kwa saa 1.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika pH 5.3 pepsini hufanya kazi kwa unyonge, na sehemu kubwa ya protini huteremka utumboni kabla ya kuvunjwa. Maziwa ya kopo yakipimwa katika tumbo la mtu mzima yataonekana yamemeng'enyeka vyema, ilhali katika tumbo la kichanga jambo huenda likawa jingine. Hivyo mtu akisema kwamba bidhaa ya watoto imepimwa maabarani, bado hajasema lolote mpaka aeleze ilipimwa kwa vipimo vya nani.

Ukuta wa seli

Ukuta unaotumiwa zaidi umetokana na seli ziitwazo Caco-2. Zilitolewa katika uvimbe wa saratani ya utumbo mpana wa mzee mmoja wa miaka 72, na zikaanza kukuzwa jijini New York miaka ya 1970. Msomaji huenda akastaajabu: seli za saratani zitatufundisha nini kuhusu utumbo wenye afya? Ajabu yake ni kwamba zikiachwa juu ya utando mwembamba wenye vitundu, zikalishwa na kutunzwa kwa siku 21 hivi, huacha kuongezeka na kujipanga safu moja, bega kwa bega. Huota vinyweleo vidogo mno upande wa juu, hufunga mianya baina yao, na kuanza kutenda kama seli za utumbo mwembamba. Juu ya safu hiyo huwekwa maziwa yaliyomeng'enywa, na chini yake huwa na maji yanayowakilisha upande wa damu. Mtafiti hupima kilichopita na kilichozuiwa.

Ili kujua kama ukuta umeshikana, hupitishwa umeme hafifu kutoka juu kwenda chini. Ukuta mzima huuzuia. Kizuizi kikishuka, ni ishara kwamba mianya imefunguka, na vitu visivyotakiwa huweza kupenya. Kwa njia hiyo huchunguzwa kama vipande fulani vya protini ya maziwa huimarisha ukuta huo, au kama sumu fulani iliyoingia katika maziwa huudhoofisha.

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa wa kazi yote. Maziwa yakitoka kituo cha tatu yamebeba nyongo na vimeng'enya vingali hai. Yakimiminwa juu ya seli kama yalivyo, huziua. Utumbo wetu wenyewe hauangamii kwa sababu umefunikwa na ute mzito na hujijenga upya kila siku chache, ilhali seli za Caco-2 hazina ute huo. Watafiti hutafuta hila za kuzilinda. Huvizima vimeng'enya kwa baridi, kwa joto, au kwa dawa ya kuvizuia. Huyachuja maziwa. Huyazimua mara kadhaa, aghalabu mara kumi au zaidi. Wengine huchanganya Caco-2 na seli za aina nyingine zinazotoa ute.

Kila hila ina gharama. Joto hubadilisha protini, kuchuja huacha mafuta nyuma, na kuzimua hufanya kinachopimwa kuwa hafifu kuliko kinachofika utumboni hasa. Mtafiti mwaminifu hutengeneza pia mchanganyiko wa maji matupu uliopita vituo vile vile vitatu bila maziwa, akaumimina kwenye seli nyingine. Bila mizani hiyo hawezi kujua kama alichokiona kimetoka kwa maziwa au kwa nyongo.

Swali la halali

Wasomaji wetu watapenda kujua vimeng'enya hivi vinatoka wapi. Jibu la wazi ni kwamba pepsini na vimeng'enya vya kongosho vinavyotumiwa katika utaratibu huu hutolewa kwa kawaida kwa nguruwe, na nyongo hutolewa kwa ng'ombe au nguruwe. Lipasi ya tumbo hupatikana kwa sungura. Maziwa yaliyopita humo hayarudi mezani, bali hupimwa na kutupwa. Kwa hiyo bidhaa iliyojaribiwa kwa njia hii haichanganyiki na vimeng'enya hivyo kwa sababu ya jaribio hilo. Kinachostahili kuangaliwa na mnunuzi ni viungo vilivyoandikwa kwenye kopo lenyewe. Jambo moja tungependa kulitaja: vidonge vya vimeng'enya vya kongosho wanavyopewa baadhi ya wagonjwa navyo hutoka kwa nguruwe. Mwenye kuandikiwa asiache dawa kwa kauli ya jirani. Amuulize daktari kama kuna badala, na amuulize mwanachuoni hukumu ya dharura.

Yaliyopatikana kwa njia hii

Tumbo la kioo limeleta faida, na mfano ulio karibu na nyumba zetu ni wa madini ya chuma. Mwaka 1998 Raymond Glahn na wenzake, huko Ithaca katika jimbo la New York, walionyesha kwamba seli za Caco-2 zikipokea chuma kutoka kwa chakula kilichomeng'enywa hutengeneza feritini, yaani ghala la chuma ndani ya seli. Ukipima ghala hilo, umepima chuma kilichofika kweli. Walipojaribu maziwa ya kopo ya watoto, waligundua kwamba kupunguza sitrati iliyokuwamo kuliongeza chuma kilichopatikana na seli. Funzo lake ni zito: kiasi cha chuma kilichoandikwa kwenye kopo si kiasi kinachoingia mwilini.

Funzo hilo linafika mpaka kwenye sinia zetu. Chuma cha mboga na nafaka huzuiwa na majani ya chai, na maziwa nayo hupunguza ufyonzwaji wake. Hayo yamethibitishwa kwa watu hasa, si kwa seli peke yake. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma kliniki asivimeze kwa chai ya maziwa. Avimeze kwa maji, au kwa maji ya ndimu au machungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri saa moja au zaidi baada ya chakula.

Mfano wa pili ni wa watoto njiti. Mwaka 2019 hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya mama, ya kwanza nchini Kenya. Katika benki za namna hii, maziwa yaliyotolewa na wanawake wengine huchemshwa kwa upole katika nyuzi 62.5 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu. Joto hilo hulinda maisha, lakini huiharibu lipasi iliyomo katika maziwa ya mama, ambayo humsaidia kichanga kumeng'enya mafuta. Majaribio ya maabara yamewasaidia wataalamu kuona hasara hiyo inatokea wapi katika safari. Kwa sababu hiyo maziwa ya mama mzazi mwenyewe, aliyoyakama kwa ajili ya mwanawe, hutangulizwa, na ya benki hufuata yanapokosekana. Kwa familia zetu kuna pia suala la undugu wa kunyonya, na ni bora mashauri na masheikh yafanywe mapema kuliko usiku wa dharura wodini.

Mpaka wa ushahidi

Baada ya kuyasifu haya, ni lazima tueleze mpaka wake. Safu ya seli haina damu, haina mishipa ya fahamu, wala haina kinga ya mwili. Haina vijidudu vya utumboni ambavyo huishi nasi tangu kuzaliwa. Tumbo la kioo lenye pH moja kwa saa 2 halifanani na tumbo la kweli ambalo uchachu wake hupanda na kushuka, na ambalo hujiminya na kujimwaga kidogo kidogo. Tena seli zenyewe zimetokana na mtu mmoja, mzee, mgonjwa.

Kwa hiyo jaribio la seli ni hatua ya kwanza. Humwonyesha mtafiti wapi pa kuchimba, na humwepusha kuwahangaisha watoto kwa jambo lisilo na matumaini. Lakini kutoka kwenye seli mpaka kwa mtoto wa fulani anayelia usiku kuna safari ndefu, na jambo lililong'aa katika chupa mara nyingi hufifia likifika kwa watu. Anayeuza kwa ushahidi wa seli peke yake ameuza nyumba kwa kuonyesha mlango.

Basi dai likija mbele yako, ndugu msomaji, liulize maswali matatu. Kwanza, limejaribiwa kwa seli, kwa wanyama, au kwa watoto? Pili, kama ni kwa tumbo la kioo, lilikuwa la mtu mzima au la kichanga? Tatu, lililinganishwa na nini: na maji matupu, na bidhaa nyingine, au na maziwa ya mama? Muuzaji asiyeweza kujibu hana haki ya kukuharakisha. Na ikumbukwe kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu vyakula vinavyouzwa badala ya maziwa ya mama inakataza kuvitangaza kwa umma. Mama asiyeweza kunyonyesha kwa sababu ya maradhi asilaumiwe, naye apate ushauri wa mhudumu wa afya, si wa tangazo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vingine, mpaka miaka 2 au zaidi. Wasomaji wetu wanaujua muda wa miaka miwili tangu zamani, kwani umetajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233. Maabara haikuja kushindana na ziwa la mama. Katika majaribio mengi ya maziwa ya watoto, ziwa hilo ndilo kipimo ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho.